Shika Hii, Gonga Hii

Sijawahi kuogopa mashine. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanihurumia pasipo na haja. Nilijifunza kupiga chapa Homa Bay, kwenye taipureta nzito ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa ikikwama, na nilipohitimu vidole vyangu vingeweza kupasua njugu. Kwa hiyo chuo chetu kilipoletewa kompyuta, katikati ya miaka ya tisini, na wenzangu wakaizunguka kwa adabu mikono ikiwa mgongoni, mimi nilivuta kiti nikakaa.

Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile ambacho akina mama huweka juu ya redio, na tuliamriwa kuvua viatu mlangoni ili vumbi lisiiue. Mwalimu wetu alikuwa kijana mrefu aliyesomea Kisumu. Alikuwa Mjaluo kama sisi, na "sh" ilimpiga chenga kama inavyowapiga wengi wetu. Siku moja alitufundisha jambo nililolipenda kuliko mengine yote: kwamba unaweza kufungua barua mbili kwa wakati mmoja, kila moja kwenye dirisha lake, kisha ukahama kutoka hii hadi ile kwa vidole viwili tu.

"Sika hii, gonga hii," alisema. Kidole gumba chake cha kushoto kilishika kitufe cha Alt, kidole cha kati kikagonga Tab, na barua iliyokuwa mbele yetu ikatoweka, ikaja nyingine.

Wenzangu walishindwa, na wa kulaumiwa ni taipureta. Kwenye taipureta kila kitufe hupigwa kikaachwa, na ukichelewa herufi zinapandana. Kwa hiyo walipiga Alt wakaiacha, kisha wakapiga Tab wakaiacha, na dirisha likabaki palepale likiwatazama. Mimi niliweza mara ya kwanza. Niliona tu kwamba ni kusonga ugali: mkono mmoja unashikilia sufuria isiyumbe, mwingine unafanya kazi na mwiko. Anayeachilia sufuria ili ashike mwiko ataokota ugali jivuni. Niliwaambia wenzangu hivyo, na kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, wakanichukia mpaka mwisho wa muhula.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo mwalimu alilirudia sana. Ukiwa bado umeishikilia Alt, kisanduku kidogo hutokea katikati ya kioo, na ndani yake unayaona madirisha yote uliyoyafungua yamepangwa bega kwa bega. Hapo hujachagua bado. Unapoachilia ndipo moja linakuja mbele, na mengine yanarudi nyuma. Alisisitiza kwamba hayajafungwa wala hayajafutwa. Yako nyuma yanangoja. Watu wazima walimwuliza tena na tena yamekwenda wapi, kwa sababu hawakuamini kwamba kitu ambacho hukioni bado kipo.

Nilipata kazi Migori, pale Suna, kwenye duka dogo la kupigisha chapa na kutoa fotokopi. Mwenye duka alikuwa mama wa Kikuria, mchapakazi, mkali, mcheshi akitaka. Kwa kuwa yeye hakujua Kijaluo na mimi sikujua Kikuria, dukani tulizungumza Kiswahili, na wateja nao wakafuata. Kompyuta ilikuwa moja na wateja wengi, wote wakiwa na haraka. Huyu alitaka kadi za mwaliko wa harambee, yule barua ya kuomba kazi, na wote walisimama nyuma ya kiti changu wakisoma mambo ya wenzao. Mwalimu angejivunia mkono wangu wa kushoto. Mteja wa harambee akienda kutafuta chai, nilihamia barua ya kazi. Akirudi kabla sijatarajia, nilihamia harambee, na kila mmoja aliamini kwamba siku nzima nilikuwa nikimshughulikia yeye peke yake. Mwenye duka aliuita ujuzi huo kugeuza chapati. "Geuza," angeninong'oneza akimwona mtu anavuka barabara, nami nageuza.

Baba alifariki nikiwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi pale dukani.

Alikuwa mwashi. Alijenga madarasa, matangi ya maji na makanisa kwa wasiokuwa wa kanisa lake, na nyumbani kwetu, kwenye mwinuko nje ya mji wa Homa Bay, alijenga nyumba mbili, kwa sababu alikuwa na wake wawili. Nyumba ya mke wa kwanza ilitazama lango, kama desturi inavyotaka. Nyumba ya mama yangu ilikuwa pembeni yake. Mvua kubwa ikinyesha, baba alikuwa akitoka na kofia yake ya plastiki, anazizunguka zote mbili akitazama mapaa, kisha anarudi na kusema maneno yaleyale: "Nimejenga nyumba mbili, na hakuna hata moja inayovuja." Tulikuwa tukimcheka. Leo ningetoa chochote kumsikia akiyasema.

Mazishi yalipangwa Ijumaa. Watu wa nyumba kubwa, ile ya mke wa kwanza, wanashika Sabato, kwa hiyo Jumamosi haikuwezekana, na Ijumaa yenyewe ilibidi tumalize mapema ili watu wafike makwao kabla jua halijatua. Hilo halikuwa na ubishi. Kamati ilikubaliana pia kwamba programu ya mazishi, yenye ratiba na maisha ya marehemu, ningeipiga chapa mimi Migori, maana mtu hapeleki unga kwa jirani kusongewa ilhali ana mwiko wake. Nilirudi Suna, mwenye duka akanipa pole na funguo, akaniambia mashine ni yangu mpaka nimalize.

Asubuhi nilianza kuandika nilichokijua. Maisha ya baba, alikozaliwa, alikojenga. Nyumba ya kwanza: mama mkubwa, kama tulivyomwita, na watoto wake. Nyumba ya pili: mama yangu, na sisi. Nililia kidogo nikiandika, nikapangusa vitufe, nikaendelea. Nilikuwa nimefika kwenye aya ya mama yangu wakati kaka yangu mkubwa alipoingia.

Alikuwa mwana wa kwanza wa mama mkubwa, mtu mzima mwenye familia yake, aliyeendesha mashine ya kusaga unga kule nyumbani. Alikuwa na mikono mipana, na nyusi ambazo hazikuwahi kuisha unga kabisa. Alinisalimia "nyar baba", yaani binti wa baba. Ndivyo alivyoniita siku zote, na si kwa ubaya. Kwetu neno hilo linamfaa ndugu mliyechangia baba tu. Alitoa mfukoni karatasi ya fulskepu iliyokunjwa mara nyingi na kusema kwamba programu ameshaiandika mwenyewe, kazi yangu ni kupiga chapa tu.

Nikasoma. Baba alikuwa amezaliwa, amebatizwa, amejenga, ameugua. Ameacha mjane. Mmoja. Kisha yakafuata majina ya watoto wote, wa nyumba ile na wa nyumba yetu, mpaka kitinda mimba wetu. Sisi tulikuwemo, ila mama yetu hakuwemo, kana kwamba tuliota wenyewe shambani kama viazi.

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Usidhani ni jambo la karatasi tu. Kwetu programu husomwa mbele ya umati, mbele ya wajomba, wakwe na chifu, na yanayosomwa siku hiyo ndiyo yanayokumbukwa siku ya kugawa. Asiyekuwepo na lake halipo. Mama yangu akikosekana kwenye programu Ijumaa, miezi michache baadaye angekosekana kwenye shamba, na mwisho hata ile nyumba isiyovuja ingeulizwa ni ya nani.

Nilimwuliza mama yangu yuko wapi. Kaka hakunijibu kwa Kijaluo. Alipotaka jambo lionekane limekwisha kuamuliwa, alikuwa akihamia Kiswahili, kama mtu anayesimama mbele ya karani.

"Hii ni programu ya kanisa," alisema. "Kwa kanisa mtu anakuwanga na bibi moja."

Nilijua hakuna mchungaji aliyemwagiza hivyo. Mchungaji alikuwa amekula kwa mama yangu mara nyingi. Kaka aliogopa wageni watakaotoka mbali, aliogopa kusemwa, na hofu hiyo akaivika joho la kanisa. Nilimwambia hivyo. Akaniambia fahali wawili hawakai zizi moja. Nikamwambia hao ni mama zetu, si mafahali, na kwamba zizi hilo wamelikalia tangu mimi sijazaliwa. Mwenye duka akajitia kuhesabu karatasi za fotokopi.

Basi nikafanya kazi yangu. Nilifungua dirisha jipya, nikaipiga fulskepu yake neno kwa neno, na mjane wake mmoja. Sikuongeza herufi, na nilimaliza upesi, kwa sababu hasira hunipa kasi. Kaka alivuta kiti akakaa karibu nami kukagua, kidole chake kikifuata mistari kwenye kioo. Akafika kwenye jina la mama yake, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akaniuliza kama nina hakika na tahajia ya kijiji alichozaliwa baba. Nilikuwa nimeiandika asubuhi kwenye programu yangu, kwa hiyo nikashika, nikagonga, ili nitazame.

Kioo kile kilikuwa kidogo, kilionyesha mistari michache tu kwa wakati mmoja, na nilikuwa nimeishia kwenye aya ya nyumba ya pili. Kwa hiyo alichokiona kaka ni hiki: jina la mama yake lilikuwa chini ya kidole chake, kisha halipo, na mahali pake limekaa jina la mama yangu.

Akasimama, kiti kikaanguka.

"Umefanya nini?" alisema. "Umefuta mama."

Nilimwelewa baadaye. Mashine yake ya kusaga ina mdomo mmoja. Huwezi kumwaga nafaka ya wimbi kabla mahindi hayajaisha, na mahindi yakiisha yameisha, yako kwenye gunia la mtu na yameondoka. Maisha yake yote mashine ilikuwa inafanya jambo moja, na kinachoingia kinakisukuma nje kilichokuwepo. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa mbele ya macho yake. Na mimi, nikiwa na hasira zangu zote, nilimhurumia. Lakini sikuharakisha.

"Hajafutwa," nilimwambia. "Yuko nyuma."

"Rudisha yeye."

Nikageuza. Jina la mama mkubwa likaja, herufi zake zote zikiwa zimetulia. Kaka akashusha pumzi, akakiinua kiti, akakaa, akajipangusa uso kwa kofia.

"Na mama yangu sasa yuko wapi?" nikamwuliza.

Alikitazama kioo. "Iko nyuma," akasema. "Si umesema iko nyuma?"

"Kompyuta ina nyuma," nikamwambia. "Karatasi yako haina."

 Nje mtu alikuwa akiuza sukumawiki kwa mama wa duka jirani, wakibishana juu ya fungu. Nilimwomba kaka anipe mkono wake wa kushoto. Nilikiweka kidole gumba chake juu ya Alt, kidole kipana kilichofunika kitufe chote na nusu ya jirani yake, nikamwambia shika. Akashika kwa nguvu, kama anayezuia mkanda wa mashine usiruke. Mimi nikagonga Tab.

Kisanduku kikatokea katikati ya kioo. Ndani yake kulikuwa na vijipicha viwili vinavyofanana, bega kwa bega, kimoja cha programu yake yenye mama mkubwa peke yake, kingine cha programu yangu yenye mama yangu pia. Vyote viwili nilikuwa nimeviita "Baba", nikatofautisha kwa namba tu. Nilimweleza hivyo. Nilimwambia kwamba akiwa ameshika, wote wako hapo mbele yake na hakuna aliyekwenda popote. Akiachilia, programu moja itakuja mbele, na hiyo ndiyo nitakayoichapa; sitabishana naye tena.

"Chagua wewe," nikasema. "Wewe ndiye mkubwa wetu."

Nikagonga Tab, fremu ikahamia kijipicha cha pili. Nikagonga tena, ikarudi cha kwanza. Kisha nikautoa mkono wangu. Kaka hakuachilia. Mwenye duka alikuja na karatasi mkononi, akatuona tunatazama kisanduku kidogo, akarudi alikotoka bila kuuliza. Kidole cha kaka kilianza kuwa cheupe kwenye kucha. Nilidhani anachagua. Kumbe alikuwa mahali pengine kabisa.

Alipozungumza, alikuwa ameacha Kiswahili. Alisema kwa Kijaluo, taratibu, bila kunitazama:

"Niliposhikwa na surua, mama alikuwa amekwenda kwao kumlilia babake. Ni mama yako aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali. Hata hakuwa amemaliza mwaka pale nyumbani."

Sikujua habari hiyo. Mama hakuwahi kuisimulia, na kaka naye hakuwahi. 

"Waweke pamoja, nyaminwa," akasema, na akaachilia.

Nyaminwa ni binti wa mama yetu. Neno hilo lina mama ndani yake. Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku hiyo, na sikumbuki hata ni programu ipi iliyokuja mbele alipokitoa kidole, kwa sababu sikuwa nikitazama kioo tena.

Tulikaa tukaiandika upya sisi wawili. Tulichukua maisha ya baba kutoka kwake, maana alikumbuka majina ya makanisa kuliko mimi, na nyumba mbili kutoka kwangu, ya kwanza ikitangulia kama inavyotazama lango, ya pili ikifuata. Aliniamuru nirudi nyuma na mbele mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Geuza tuone," alisema, na kila nilipogeuza alitikisa kichwa kuthibitisha kwamba kilichoondoka kimerudi. Kabla hatujachapa, ni yeye aliyesema tuweke yale maneno ya baba juu ya paa. Tukayaweka mwishoni, chini ya picha. Alicheka alipoyaona yameandikwa, kisha akalia, na mwenye duka akamletea chai yenye sukari nyingi kama anavyopewa mfiwa.

Ijumaa tulimzika baba asubuhi. Mama yangu alikuwa amejitayarisha kwa mabaya. Fununu za fulskepu zilikuwa zimemfikia kabla yangu, na nilimkuta nyuma jikoni na wapishi, amejifunga leso kiunoni kama mwajiriwa. Hajui kusoma. Nilimwonyesha jina lake kwa kidole, akauliza mara mbili kama kweli ni lake, halafu akafungua leso, akanawa uso. Mama mkubwa alipomwona anakuja alisogea kwenye mkeka, akagonga kwa kiganja nafasi iliyobaki kando yake ili akae. Hao wawili hawakuwahi kuwa na tatizo la kukaa zizi moja.

Kaka alisimama kusoma. Kanisa lake lilikuwepo, wageni wa mbali walikuwepo, wajomba, wakwe na chifu. Nilisimama karibu naye, tayari kumsaidia akikwama. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye neno "ameacha", na hapo akasita. Nikaona kidole gumba chake cha kushoto kimeikandamiza karatasi pembeni, kucha imekuwa nyeupe. Watu wakaanza kukohoa. Akasoma jina la mama yake, kidole hakikusogea. Akasoma jina la mama yangu, kwa sauti ileile.

Ndipo akaachilia.